Kigari cha Cadillac 1959: kabla hujalipa angalia mkia kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo niko na hiki kigari cha chuma mnachokiona hapa mezani, Cadillac ya mwaka 1959, skeli ya 1:18, yaani kimepunguzwa mara 18 kuliko gari halisi, nimekichukua kwa laki na ishirini hapa hapa Dar. Gari halisi ilikuwa na urefu wa kama mita 5.7, kwa hiyo hiki kina sentimita 32 hivi, rula ya shule haikitoshi. Boneti inafunguka, milango inafunguka, ukizungusha usukani tairi za mbele zinafuata, hayo nayapita haraka maana hii gari mtu anainunua kwa ajili ya mkia.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapo? Kila pezi, yaani hili bawa lililosimama nyuma kila upande, lina taa mbili nyekundu zimechongoka kama risasi, na hapa hawajapaka rangi tu, ni plastiki inayopitisha mwanga kabisa, nikimulika na tochi ya simu kwa ndani zinawaka zote nne. Aisee hapo wamenikosha.

Haya mapezi asili yake ni ndege. Harley Earl, bosi wa usanifu wa magari pale General Motors, aliiona ndege ya kivita P-38 yenye mikia miwili ikamkaa kichwani, Cadillac ya 1948 ikatoka na vipezi vidogo tu, wakaendelea kuvikuza mpaka 1959 ndo vikafika kilele. Kwenye ndege lile pezi lililosimama linazuia mkia usiyumbe, kwenye hii gari lilikuwa pambo. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi ushike mkia wa jodari, mgumu, umepinda kama mundu, ule unapiga kushoto kulia na ndo injini yake, pomboo naye mkia umelala kwa hiyo anapiga juu chini. Mimi nimekua nikiangalia mikia ya samaki, ndo maana hii gari naipenda hivi.

Sasa kinachoniuma. Pezi la kulia, hapa kwenye ncha, siku ya tatu tu kromu imeanza kubanduka, na chini yake kuna mstari wa gundi. Kingekuwa kwenye bampa ningenyamaza, lakini mkia jamani!

Kwa bei hii bado nasema chukua, ila mwambie muuzaji akutolee kwenye boksi, pitisha kucha taratibu kwenye ncha za mapezi yote mawili, ikikwama mrudishie, omba kingine.