Uzoefu Wangu na Programu ya Kujifunzia Ulinzi Katika Briji

Katika briji, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mnada huamua nani ni mwenye mkataba, yaani anayeahidi kushinda idadi fulani ya mizunguko, na jozi nyingine huwa walinzi wanaojaribu kumwangusha. Kila mchezaji huwa mlinzi katika takribani nusu ya michezo yote, na mwenye mkataba katika robo tu, lakini masomo mengi huelemea upande wa mnada na wa kucheza mkataba. Ndiyo maana nilipotafuta programu ya kompyuta ya kujinoa nilichagua ile inayoshughulikia ulinzi peke yake, na baada ya kuitumia kwa muda mrefu naona ina thamani kubwa, ingawa hukumu zake hazifai kupokelewa zote bila kuhojiwa.

Sehemu ya kwanza inahusu karata ya kufungulia, yaani ya kwanza kutolewa na mlinzi. Mtumiaji huonyeshwa karata zake 13 na mnada wote, kisha hutakiwa kuchagua. Akishachagua, programu hugawa upya karata 39 zilizobaki mara nyingi sana, kila mgao ukiafikiana na mnada, na kuonyesha ni mara ngapi katika kila mia karata ile ingeuangusha mkataba. Zoezi moja lilinivutia mno. Katika mnada mpinzani alifungua kwa shupaza moja, mwenzake akajibu moja bila turufu, kisha yule aliyefungua akataja kopa mbili, na wengine wote wakapita. Mkononi nilikuwa na shupaza nne, yaani mfalme, ghulamu, kumi, kisha tisa, pamoja na karata moja tu ya pau iliyokuwa ikinishawishi niitoe kwa matumaini ya kukata, yaani kushinda kwa turufu, baadaye. Jibu lilikuwa kutoa turufu, yaani kopa, na maelezo yaliyoambatana nalo yalikuwa mazuri kuliko jibu lenyewe: mkono wa mezani, yaani karata za mwenzake mwenye mkataba zinazolazwa wazi, umependelea kopa kuliko shupaza, basi bila shaka una shupaza chache, mwenye mkataba atataka kuzikatia shupaza zake huko, na kila turufu ninayoitoa mapema inapunguza nafasi hiyo, huku shupaza zangu zikisubiri kumla. Mafunzo ya namna hii, yanayoanzia kwenye mnada na kuishia kwenye karata moja, ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Hata hivyo, asilimia hizo zina kasoro ambayo mtumiaji anapaswa kuielewa mapema. Programu huzipata kwa kuucheza kila mgao kana kwamba wote wanne wanaziona karata zote 52. Mwenye mkataba wa aina hiyo hakosei kamwe kumkisia malkia aliko, kwa hiyo karata inayomtia mtu halisi katika mashaka haipewi sifa yake. Vilevile, kufungulia kwa ree ili kuutazama mkono wa mezani kabla ya kuamua njia hakupati alama stahiki, kwa kuwa mlinzi wa kompyuta tayari ameshauona. Sisemi takwimu hizo ni bure, kwani zimenisadikisha kwamba dhidi ya mkataba wa turufu mara nyingi ni salama zaidi kutoa karata ya juu ya mfululizo, kama kumi yenye tisa na nane, kuliko kuanzia chini ya mfalme asiye na malkia. Lakini tofauti ya asilimia moja au mbili kati ya karata mbili naipuuza, na ningependa watengenezaji waiseme wazi kasoro hii kwenye ukurasa wa matokeo badala ya kuificha katika maelezo ya usaidizi.

Sehemu ya pili, inayomweka mtumiaji katika nafasi ya tatu, yaani awe mlinzi wa tatu kutoa karata katika mzunguko, ndiyo bora kuliko zote. Mkataba ni tatu bila turufu, na mwenzangu anafungulia kwa saba ya shupaza, karata yake ya nne kutoka juu. Mezani kuna mfalme, sita na mbili. Mimi nina ree, ghulamu na tisa. Mwenye mkataba anatoa mbili kutoka mezani. Hapo programu hukataa kupokea karata yoyote mpaka nijibu swali: mwenye mkataba ana shupaza ngapi zinazoishinda saba? Hesabu ni kutoa saba katika kumi na moja, na nne inayobaki ni idadi ya karata kubwa zaidi zilizo katika mikono mitatu mingine, ukiacha wa mwenzangu. Moja iko mezani, tatu ninazo mimi, kwa hiyo yeye hana hata moja. Basi tisa inatosha kushinda mzunguko huo, na ree na ghulamu wanabaki wakimvizia mfalme mpaka mwenzangu apate nafasi ya kutoa shupaza tena. Anayekimbilia kutoa ree kwa mazoea ya kucheza karata kubwa katika nafasi ya tatu anamzawadia mfalme mzunguko wa bure. Kulazimishwa kuhesabu kabla ya kugusa karata kumenijengea tabia ambayo maelezo ya vitabuni hayakunijengea.

Mafunzo ya ishara kati ya walinzi, yaani ujumbe unaopitishwa kwa karata inayotolewa, ni ya wastani. Mtumiaji anaweza kuchagua kama karata kubwa ihimize au ikataze, na kama itumike kuonyesha idadi ya karata za aina hiyo, jambo linalofaa kwa kuwa kila jozi ina makubaliano yake. Tatizo ni kwamba mwenza wa kompyuta hutoa ishara kila mara na kwa ukweli mtupu, hata pale ambapo mlinzi mzoefu angenyamaza ili asimfaidishe mwenye mkataba.

Kwa anayejifunza ndiyo kwanza kufuata aina na kukata, programu hii itamwelemea. Anayeujua mnada vizuri aitumie pamoja na mwenza wake wa kudumu, na waifungie ile sehemu inayoonyesha asilimia mpaka kila mmoja awe ameandika karata aliyoichagua na sababu yake, maana mjadala unaozuka pale sababu zinapotofautiana hufundisha mambo ambayo programu yenyewe haiyagusi.