Karakana ya Gerezani iliyokataa kuziba kutu kwa kiraka

Prado yangu ya mwaka 1998, yenye injini ya dizeli ya lita 3, ilianza kugonga upande wa nyuma kila nilipovuka tuta, na usukani wake ukawa hauketi katikati hata barabara ilipokuwa imenyooka. Nilibadilisha shokapu mbili za nyuma bila mafanikio. Bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, za mikono ya chini inayoishika ekseli ya nyuma hazikuguswa, kwa sababu bolti zake zilikuwa zimeshikana na kutu kiasi kwamba fundi wa mtaani kwetu, Kigamboni, alichoka kuzilazimisha akaziacha. Hilo pekee lilitosha kunishtua, lakini sikushtuka.

Karakana ninayoizungumzia hapa ni ndogo, iko eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam, na kazi yake kubwa ni kuchomelea chasisi za magari ya mizigo. Nilifika pale baada ya gereji nyingine kunieleza kwamba kishikio cha mkono wa kushoto, yaani pale ambapo mkono unaozuia ekseli ya nyuma isisogee unapofungwa kwenye chasisi, kinaweza kuzibwa kwa kipande cha bati na kupakwa lami kwa shilingi 150,000. Fundi mkuu wa Gerezani aliingia chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi, akagonga chasisi kutoka mbele kuelekea nyuma huku akisikiliza. Chuma kizima kilikuwa kinalia, lakini alipofika kwenye kishikio sauti ikawa nzito kama ya debe lililojaa mchanga, na bisibisi ikazama. “Kaka,” aliniambia, “hapa rangi ndiyo iliyoshika chuma.”

Alinionyesha jambo ambalo sikuwa nikilijua: kutu hujaza nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, hivyo kishikio kilichooza huweza kuonekana kinene kuliko kipya. Maganda yaliyodondoka yalikuwa ya tabaka tabaka, na ndani yake mlikuwa na udongo ulioshikana. Kishikio hicho ni kama kisanduku kilicho wazi upande mmoja, kinachopokea tope kutoka kwenye gurudumu na kulihifadhi likiwa na unyevu. Ukiongeza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, nchi gari lilikotoka, kisha miaka mingi ya upepo wa bahari wa Kigamboni, hesabu inakamilika. Desturi yetu ya kupuliza oili chafu chini ya gari haikunisaidia pia, kwani oili hunasa vumbi na kuharibu mpira wa bushi.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba siku ya kwanza hawakuwasha mashine ya kuchomelea kabisa. Walipima. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma katika Prado hii ya milango mitano ni milimita 2,675, na upande wa kushoto ulipungua kwa milimita 8, ndiyo maana usukani ulikuwa umepinda. Walipima pia kwa mshazari kutoka kwenye matundu ya kiwandani ya chasisi, wakaandika vipimo kwa chaki kwenye ubao, na baadaye wakakata upande mmoja tu kwa wakati, ili ule mwingine uendelee kuishika ekseli. Betri ilifunguliwa, mabomba ya breki na ya mafuta yakasogezwa na kufunikwa, na kizima moto kikawekwa karibu. Kuchomelea kunajulikana na mafundi wengi, lakini kurudisha kishikio mahali pake ni kazi ya wachache, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda.

Walikata hadi walipokuta chuma safi, wakakunja vishikio vipya kwa bamba la milimita 4 kwa jirani yao mwenye mashine ya kukunja, kisha wakaimarisha ubavu wa chasisi kwa bamba lililochongwa ncha pande zote mbili. Nilipouliza kwa nini wasikate mraba, nilijibiwa kwamba mstari wa kuchomelea unaokatiza chasisi wima ndio unaokuja kupasuka. Bolti za bushi hazikukazwa gari likiwa juu ya jeki. Zilikazwa lilipokwisha kukaa kwa magurudumu yake, kwa sababu bushi inayokazwa ikiwa inaning’inia hujisokota na mpira wake huchanika mapema.

Sasa nieleze upungufu wao. Kwanza, siku 4 walizoniahidi zilikuwa 7, na hakuna aliyenipigia simu. Pili, kwa nje walipaka praima ya zinki, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi nzuri juu yake, lakini ndani ya chasisi, ambako joto lilikuwa limeunguza rangi ya kiwandani, waliacha chuma kitupu. Hawana hata mpira mrefu wa kupulizia, hivyo nilinunua nta ya kuzuia kutu nikaipuliza mwenyewe kupitia matundu ya chasisi. Tatu, tundu moja la kutolea maji lilizibwa kwa bahati mbaya, na ingawa walilitoboa upya bila kubisha, mimi ndiye niliyeligundua. Kwa karakana inayopima kwa uangalifu namna ile, kosa hilo linaudhi.

Nililipa shilingi 920,000 kwa pande zote mbili, bila kuhesabu bushi na bolti nilizozinunua Kariakoo. Naona bei hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mwenye gari lenye kutu ya juu juu, inayoondoka kwa brashi ya waya na kuacha chuma kigumu kisichotobolewa na bisibisi, hana haja ya kwenda pale. Praima ya zinki na Jumamosi moja vinamtosha.

Kugonga kumekwisha na usukani umenyooka. Kabla sijaondoka, fundi alipitisha nyundo yake upande wa mbele pia, akaweka alama ya chaki kwenye kishikio cha chini cha kulia, akaniambia niirudishe Prado mwezi wa Januari, kabla ya masika.