Toyota Aqua barabarani Dar: 37 ya Japani, 20 ya kwetu

Nianze na namba, maana ndizo watu wanazoniuliza hata kabla ya salamu. Aqua yangu ni ya 2014, injini ya 1.5, haibridi (injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme), imeagizwa ikiwa imetumika kutoka Japani. Asubuhi Kimara hadi Posta na jioni kurudi, AC inaunguruma, inanipa kilomita 19 hadi 21 kwa lita. Jumapili barabara ikiwa nyeupe, inafika 23. Safari ya mbali nikitembea 80 hadi 90, ni 22 au zaidi kidogo. Nikikanyaga hadi 120, inaporomoka hadi 17. Ile 37 iliyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji sijawahi kuiona, na siitegemei tena.

Nimepima kwa njia ya kizamani: najaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, narudisha kaunta ya safari sifuri, nikirudi sheli ile ile najaza tena mpaka ikate, kisha nagawanya. Dashibodi usiiamini sana. Ikisema 22, hesabu ya sheli inakuja 20 na kidogo. Inajipendelea.

Sasa hiyo 37 ilitoka wapi? Muuzaji hakuitunga. Aqua ilipoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2011 ilipewa kilomita 35.4 kwa lita, na baada ya maboresho ya 2013 ikapanda hadi 37.0. Zote ni namba za kipimo cha Wajapani kiitwacho JC08. Gari linapandishwa juu ya mashine yenye rola ndani ya jengo, linaendeshwa kwa ratiba ya dakika 20 hivi, umbali wa kilomita 8 na ushee. Wastani wa mwendo ni kilomita 24 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa haufiki 82. AC imezimwa. Hakuna kilima, hakuna abiria wanne wa kuwashusha Magomeni, hakuna bodaboda anayekuchomekea ukakanyaga breki hadi pochi ya jirani ikadondoka.

Kitu ambacho ningependa kila mnunuzi akijue ni hiki: gari lile lile liliuzwa Marekani kwa jina la Prius c, na serikali ya huko ikaliandikia wastani wa maili 50 kwa galoni. Ukibadilisha, ni kilomita 21 kwa lita. Yaani namba ya ukweli ilikuwepo muda wote, kwenye karatasi ya nchi nyingine. Ningekuwa na uwezo, kila tangazo la haibridi ya Japani lingebandikwa na namba ya Marekani pembeni yake.

Na Wamarekani nao walifika hapo kwa shida. Prius ya kizazi cha pili iliandikiwa maili 60 kwa galoni mjini. Kipimo kilipobadilishwa kuanzia magari ya mwaka 2008, yakaingizwa matumizi ya AC, hali ya baridi na mwendo wa kasi, ikashuka hadi 48. Mwaka 2012 mama mmoja wa California, Heather Peters, alipambana na Honda mahakamani kwa sababu Civic yake ya haibridi haikufika ile 50 iliyotangazwa. Mahakama ya madai madogo ikampa dola 9,867. Miezi michache baadaye rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo unaponung'unika sheli ya Ubungo, jua una wenzako mbali sana.

Watu wengi kijiweni wanadhani haibridi inatembea kwa umeme, na petroli ni ya akiba. Hapana. Aqua haichomekwi popote. Betri yake kubwa, iliyo chini ya kiti cha nyuma, ukiijaza yote inabeba chini ya uniti moja ya LUKU. Uniti moja! Na gari halikuruhusu kuitumia hata hiyo yote. Linaacha akiba juu na chini ili betri idumu. Kitufe cha EV kipo, lakini kitakusogeza kilomita moja hivi, tena polepole, kisha injini inawaka yenyewe. Umeme wote ule umetoka kwenye petroli uliyonunua. Faida inapatikana kwa sababu mbili: ukipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingeishia kuwa joto la breki, na injini inazimwa kila mahali ambapo haina kazi ya maana.

Ndiyo maana uwanja wake ni foleni. Nilikuwa na Toyota IST ya zamani ya 1.5 kabla ya hii. Kwenye foleni ya kuanzia Ubungo hadi Jangwani IST ilikuwa inakula kama vile tunakimbia. Siku mbaya ilinipa 9 kwa lita. Aqua pale imenyamaza. Unasikia tu feni na redio. Lakini msidanganyike na ukimya ule: AC yake inaendeshwa na umeme wa betri ile ile ndogo, na joto la Dar mnalijua. Ukikaa umesimama dakika kadhaa, injini inawaka kuchaji, inazima, inawaka tena. Mwezi Februari na Machi naona tofauti ya karibu kilomita mbili kwa lita ukilinganisha na Julai. Nimejifunza kuweka AC kwenye 25 badala ya kuibana hadi mwisho, na hapo ndipo ninapoipata 21.

Hesabu ya pesa. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi, na tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuane na bei mpya za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. IST yangu kwa wastani wa 12 ilihitaji lita 100, shilingi 300,000. Aqua kwa 20 inahitaji lita 60, shilingi 180,000. Hapo nimebakiza 120,000 kwa mwezi, karibu milioni moja na nusu kwa mwaka. Sasa tuseme ile 37 ingekuwa kweli: ningetumia lita 32 na nusu. Yaani kutoka 12 kwenda 20 kumeniokolea lita 40, na kutoka 20 kwenda hiyo 37 ya ndotoni kungeniongezea lita 27 na nusu tu. Sehemu kubwa ya faida tayari iko mfukoni. Wanaolalamika kwamba wamepata nusu ya walichoahidiwa wanaangalia kilomita, waangalie lita.

Barabara ndefu ni habari nyingine. Nimekwenda nayo Iringa. Dar hadi Morogoro ilinifurahisha, kwa sababu vibao vya 50 na tochi za trafiki vinakulazimisha kuendesha vile haibridi inavyopenda: taratibu, unapunguza, unaongeza. Mikumi hivyo hivyo, matuta ya hifadhini yanakuchajia betri. Mlima wa Kitonga ndipo utakapolijua gari lako. Kupanda, betri inaisha mapema na injini inabaki peke yake ikipiga kelele za kutia huruma, mizigo nyuma, lori mbele, huna pa kupita. Inapanda, sikatai, lakini usitarajie kumpita mtu. Kurudi, betri inajaa kabla hujafika nusu ya mteremko, na kuanzia hapo hakuna pa kuweka nguvu nyingine. Weka gia kwenye B, injini ishike gari, uzitunze breki.

Kwa mtu anayetembea Dar na Morogoro mara kwa mara kwa mwendo wa 110 na kuendelea, sioni sababu ya kuongeza pesa kununua haibridi. Kwa mwendo huo injini inafanya kazi muda wote, mota ni msindikizaji tu. Tofauti yake na IST iliyo nzima inabaki kilomita chache kwa lita. Na Nissan Note e-Power, ambayo watu wananiuliza kila wiki, kwenye barabara kuu ndiyo kabisa: ile magurudumu yanasukumwa na mota tu, injini kazi yake ni kuzalisha umeme. Mjini ni tamu, ina nguvu ya ghafla ambayo Aqua haina. Ukikimbia muda mrefu, kuigeuza petroli kuwa umeme kisha kuugeuza umeme kuwa mwendo kunakupotezea kidogo kila hatua.

Matengenezo yameniogopesha kidogo kuliko nilivyotishiwa. Injini ni ndugu wa ile ya IST, ukoo wa 1NZ, kwa hiyo fundi wa kawaida anaijua. Haina stata, haina oltaneta, haina hata mkanda wa kukatika. Pedi za breki zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo. Ila nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyejua. Zinabeba umeme mkubwa. Kuna gereji moja fundi alitaka kuoshea injini kwa mashine ya maji ya presha, nikachukua ufunguo nikaondoka.

Betri ndiyo swali la kila mtu. Adui yake wa kwanza hapa kwetu ni joto na vumbi. Ubavuni mwa kiti cha nyuma kuna matundu ambayo feni inavutia hewa ya ndani ya gari kupoza betri. Nimeona Aqua za wenzangu matundu hayo yamezibwa na begi, mkeka, au nywele za mbwa. Safisha kichujio chake, usikizibe, na usiache abiria wa nyuma wakioka huku umezima AC, maana hewa wanayovuta wao ndiyo inayovutwa na betri. Dalili za kuchoka ni vibao vya chaji kwenye dashibodi kupanda na kushuka haraka haraka, na injini kuwakawaka hata kwenye foleni fupi. Mafuta yanaongezeka kimya kimya kabla taa yoyote haijawaka. Fundi akikutajia milioni tatu za betri, rudi kwenye hesabu ya juu: ni kama miaka miwili ya ulichookoa. Kwa gari utakalokaa nalo miaka sita, linalipa. Kwa gari utakaloliuza mwakani, mwachie mwingine.

Jambo dogo lililonishangaza ni matairi. Aqua ikivalishwa matairi mapana kwa ajili ya muonekano, kilomita moja na zaidi kwa lita inaondoka bila kuaga. Upepo ukipungua, hivyo hivyo. Mimi najaza upepo sheli ile ile ninayojaza mafuta, asubuhi matairi yakiwa baridi.

Yangu siiuzi kwa sasa. Nikija kubadilisha, nitaangalia Aqua ya kizazi cha pili iliyotoka 2021. Ilipotoka Wajapani waliiandikia hadi 35.8, safari hii kwa kipimo cha WLTC, ambacho kiko karibu zaidi na barabara kuliko JC08. Hata hivyo kabla ya kutuma pesa nitaipunguza theluthi nzima, nipige hesabu kwa kilichobaki.