Seti ya mteremko, tufe, diski na pete: vyuma vizuri, ubao unateleza

Ndani ya boksi kuna ubao wa mita 1, tufe, diski na pete za chuma, stopwochi na kijitabu. Inua ncha moja ya ubao sentimita 20, kisha achia bila kusukuma. Nishati ya kimo, mgh (masi mara mvutano wa dunia mara kimo), hugawanyika: ½mv² ya kusonga mbele (v ni kasi) na ½Iω² ya kuzunguka (ω ni kasi ya kuzunguka, I ni ugumu wa chuma kuzungushwa, kulingana na masi na umbo lake). Weka ω = v/r, r ikiwa nusu kipenyo; masi na nusu kipenyo vinafutana, linabaki umbo tu. Mwisho wa mteremko tufe lina kasi ya 1.67 m/s, diski 1.62, pete 1.40.

Pete inaachwa mbali, hata wa kiti cha nyuma anaona. Kazi ipo kwa tufe na diski: sekunde 1.20 dhidi ya 1.24. Tofauti hiyo kidole hakiikamati, kwa hiyo stopwochi iacheni kwenye boksi, tumieni video ya simu ya picha 120 kwa sekunde. Kasi ya mwisho ni mara mbili ya urefu wa njia, gawanya kwa muda.

Ubao hauna mfereji, na hilo ni jema: mferejini tufe hugusa kingo, na ω = v/r haishiki tena. Ila vanishi ni nyororo mno. Ukizidisha mwinuko pete ndiyo hutangulia kuteleza. Bandika karatasi ya msasa.

Kijitabu nacho kinatoa kazi ya msuguano kwenye mgh. Kosa! Bila kuteleza, nukta inayogusa ubao imetulia, hivyo msuguano haufanyi kazi yoyote. Mstari huo ufuteni kwa kalamu kabla ya kuwagawia wanafunzi.