FIFA Guardians kwenye kambi ya michezo ya shule: unasaidia wapi, unakuacha wapi

Mwalimu anayepeleka timu UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na ya sekondari Tanzania, akitafuta mtandaoni mwongozo wa kulinda watoto michezoni, mara nyingi ataangukia FIFA Guardians. FIFA iliutoa mwaka 2019 kwa mashirikisho wanachama wake 211. Unapakuliwa bure, na tangu 2021 una kozi za mtandaoni zilizoandaliwa pamoja na Open University ya Uingereza, nazo bure. Ni mwongozo mzuri, ila uliandikwa kwa ajili ya shirikisho lenye ofisi, bajeti na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo tu. Kambi ya shule ni madarasa yaliyotandikwa magodoro, walimu wachache wanaofanya kila kitu, na watoto wa soka, netiboli, riadha na kwaya wanaolala humo siku kadhaa mbali na wazazi wao.

Tuanze na kinachofanya kazi. Mwongozo una hatua tano, na ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa: kutathmini hatari kabla ya kuandika sheria yoyote. Kambi nyingi hufanya kinyume. Sheria 20 zinabandikwa mlangoni, na hakuna aliyekagua choo kina taa au hakina. Ichukue hatua hiyo ilivyo. Wiki moja kabla ya watoto kufika, watu wawili wakazunguke eneo mara mbili, mchana na saa 3 usiku. Waandike safu nne: hatari, inampata nani, saa ngapi, nani anaishughulikia. Ziara ya usiku ndiyo yenye majibu, kwa sababu njia ya kwenda bafuni iliyoonekana fupi saa 6 mchana inaweza kuwa giza tupu kuanzia saa 1 jioni.

Sehemu nyingine yenye thamani ni msimamo wake kuhusu taarifa. Mwalimu hahitaji ushahidi ndipo aseme, wasiwasi unatosha. Wala si kazi yake kuchunguza. Hili linapaswa kurudiwa kwenye kila kikao cha viongozi wa timu, maana tunachokiona sana ni "kikao cha ndani": mtoto anaitwa mbele ya walimu sita, anahojiwa mara tatu, mtuhumiwa naye ameketi hapo hapo, halafu mambo "yanamalizwa kifamilia" ili timu isiharibikiwe. Mtoto akishahojiwa hivyo hasemi tena, na polisi wakifika maelezo yameshachanganywa. Aliyeambiwa kwanza asikilize, asiahidi kutunza siri, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, aweke saa na sahihi, kisha amfikishie msimamizi wa ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo.

Sasa penye upungufu. Mwongozo hauwezi kukupangia usiku wa kambi yetu, na usiku ndiko hatari kubwa iliko. Uwanjani kuna mamia ya macho. Bwenini kuna matroni mmoja aliyechoka.

Idadi ya walezi: kipimo kinachotumika sana ni cha NSPCC, shirika la Uingereza la kulinda watoto: mtu mzima 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12, na 1 kwa 10 wa miaka 13 hadi 18, wasipungue wawili hata kundi likiwa dogo. Msafara wa wasichana 40 wa sekondari unahitaji basi walezi wanne, na wa kike wawepo usiku kucha. Kocha wa kiume hata akiwa mwema namna gani hahesabiwi kwenye zamu ya bweni la wasichana. Walezi walale chumba cha jirani au karibu na mlango, wasichangie chumba na watoto.

Kuhesabu watoto kufanyike kwa majina, kitanda kwa kitanda, saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Kuhesabu vichwa kunadanganya: msichana mmoja katoka, mgeni mmoja kaingia, hesabu inabaki 40 na matroni analala na amani.

Kufuli la nje ndilo kosa baya kuliko yote. Linawekwa kwa nia njema, watoto wasitoroke, lakini linageuza darasa kuwa mtego. Moto wa bweni la Byamungu mkoani Kagera mwaka 2020 uliua wanafunzi wasiopungua 10, na ule wa Hillside Endarasha, Nyeri nchini Kenya, mwaka 2024 uliua 21. Chumba cha kulala kiwe na milango miwili ambayo aliye ndani anaweza kuifungua bila ufunguo. Kama kina mmoja, basi dirisha moja lisilo na nondo, na magodoro yapangwe kuacha njia katikati. Mishumaa na majiko ya mkaa yasiingie. Simu zichajiwe chumba cha walimu, si kwenye ekstensheni moja iliyobebeshwa chaja 15.

Halafu kuna vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Tumezoea kuwajadili wao na mamluki, wachezaji wasio wanafunzi wa shule husika, kama udanganyifu wa matokeo, rufaa zikatwe, pointi zirudishwe. Ni suala la usalama kwanza. Kijana wa miaka 20 aliyeingizwa timu ya shule ya msingi haendi kulala kwao, analala godoro moja mbali na mtoto wa miaka 12, anaoga naye na kumtuma usiku. Ukaguzi wa cheti cha kuzaliwa, namba ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi) na picha ufanyike kabla ya kugawa vyumba, si asubuhi ya mechi ya kwanza. Mwenye shaka alale kwingine mpaka shaka iishe.

Upande wa kuripoti, jaza mwenyewe, kwa sababu kitabu cha dunia nzima hakina namba za wilaya yako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Weka kwenye karatasi moja: Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri mwenyeji, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu, hospitali inayopokea waathirika wa ukatili, na 116, simu ya bure ya mtoto. Kwa ukatili wa kingono saa ndiyo kila kitu. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72. Mtoto asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi kwa sababu mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya PF3 inahitajika, lakini aliye katika hali mbaya aende hospitali kwanza.

Afya ya uwanjani tuipitie haraka. Aliyegongwa kichwa akayumba, akatapika au akasahau matokeo anatoka na harudi siku hiyo, hata ikiwa fainali. Mwenye pumu na mwenye selimundu wajulikane kwa majina kwa kila kocha, si kwa muuguzi pekee. Wasichana wawekewe pedi kwa matroni, zichukuliwe bila kuomba mbele ya watu, na bukta nyeupe zikataliwe tangu wakati wa kununua jezi.

Jambo moja ambalo FIFA yenyewe imelitungia kanuni ni mawakala wa wachezaji. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umezuiwa na kifungu cha 19 cha kanuni zake za uhamisho, ila kwa visa vichache vyenye masharti makali. Anayekuja kambini na ahadi ya majaribio Ulaya aandikwe jina getini, azungumze na mzazi, mwalimu akiwepo, asichukue namba ya mtoto wala picha ya cheti chake.

Kozi zinafaa kwa msimamizi mmoja wa kila mkoa anayesoma Kiingereza bila taabu. Matroni na madereva usiwapeleke huko. Wape nusu siku ya mafunzo kwa Kiswahili, kwenye bweni lenyewe watakalolinda. Kutoka mwongozoni chapisha fomu ya tukio na kanuni za maadili, tafsiri, kila mtu mzima asaini kabla ya kupanda basi, dereva na mpishi wakiwemo. Asiyetaka kusaini abaki.