Buxton: Ulale Old Hall au Crescent?

Hizi ni hoteli mbili za Buxton, mji wa Uingereza wenye chemchemi za maji ya uvuguvugu. Ukipenda historia, Old Hall ina uzito wake. Mary, malkia wa Waskoti, alikaa hapo akiwa mfungwa, akiruhusiwa kuoga maji ya Buxton kwa ajili ya maradhi yake. Jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la 1670. Crescent ni changa zaidi, ya 1780 hadi 1789, lakini umbo lake la nusu mwezi linakufanya usimame barabarani ulitazame.

Kwa starehe, Crescent inashinda waziwazi. Ilifunguliwa upya 2020 ikiwa hoteli ya nyota tano, na maji ya chemchemi, yenye joto la nyuzi 27 hivi, unaogelea humohumo ndani. Starehe hiyo utailipia. Old Hall ni nafuu zaidi, na jumba la opera la 1903 liko jirani kabisa.

Mwenye viungo vinavyouma, au wanandoa wanaosherehekea, mimi ningewaelekeza Crescent. Anayekuja kutazama onyesho na kulala tu, Old Hall yamtosha. Maji yenyewe atayakinga bure kwenye bomba la St Ann's Well, mbele ya Crescent.