Bodi za memori za kinanda changu: fundi wa Arusha, sijui hata nimpe nyota ngapi

Ukiniuliza leo kama umpelekee fundi yule wa Arusha kinanda chako, nakwambia usithubutu. Ungeniuliza wiki chache zilizopita ningekuchorea hadi ramani ya kufika kwake. Hii nimeiandika mara tatu nikifuta, maana kila nikifika kwenye simu ile mikono inaanza kutetemeka.

Kinanda chenyewe ni Yamaha SY99, cha mwaka 1991. Aliniachia mmisionari Mjerumani alipokuwa anarudi kwao, na tangu hapo nakipigia kwaya hapa Moshi. Sifa zake zote ziko mtandaoni, siziandiki. Shida yangu ilikuwa moja tu: nafasi ya kuweka sauti ulizorekodi mwenyewe ni kilobaiti 512. Ukirekodi kwa ubora wa CD, upande mmoja (mono), hazifiki sekunde 6. Mimi nilikuwa nimepanda Machame kurekodi wazee wapiga tarumbeta, wale waliojifunza wakiwa vijana na sasa pumzi zinaanza kukata. Sekunde 6 zinakupa noti tatu, basi, imejaa.

Yamaha walikuwa na bodi ndogo za kuongezea, zinaitwa SYEMB05. Kila moja inabeba kilobaiti 512, na ndani ya kinanda kuna nafasi tano. Hazitengenezwi tena. Wanaoziuza mitumba huko nje wanataka bei ya ng'ombe wa maziwa. Ndipo nikaambiwa kuna kijana Arusha anaweza kuzitengeneza kuanzia mwanzo.

Nikapanda Coaster na kinanda, mimi na kijana wetu wa besi aliyenisaidia kubeba. Konda akatoza kiti cha ziada, sikubishana. Tumefika. Fundi ni mtoto wa kumzaa, rika la kifungua mimba wangu. Akamshika mkono kijana wa besi, "Mambo vipi mwanangu." Mimi hakunipa hata shikamoo. Nikamwanza mwenyewe, "Hujambo baba." Akajibu "Poa," macho yako kwenye kinanda, kisha akamgeukia kijana: "Unataka kifanyweje?"

Kijana akamwambia kinanda ni cha mama.

"Basi mwambie mama itachukua kama mwezi, bodi zinatoka China."

Mwambie mama! Nimesimama hatua moja kutoka kwake, mkoba wangu umegusa meza yake. Nilimeza. Nilikuwa nataka zile tarumbeta.

Nampa haki yake kwenye kazi, na sitaki mtu aseme nimeficha. Alipima nafasi ndani ya kinanda kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa fundi wa redio yeyote, akachora bodi kwenye kompyuta, akaagiza kiwandani China ambako hawakuuzii chini ya tano, na nafasi nazo ni tano. Chipu alizotumia ni za aina ya SRAM, zile zinazoshika kumbukumbu mradi zinaonjeshwa umeme kidogo. Kinanda kikiwashwa zinakula volti 5 kutoka kwenye pawa, kikizimwa zinabaki na betri ya volti 3, ndogo kama sarafu, na katikati kuna dayodi ya kuzuia umeme mmoja usiingilie mwingine. Ile betri ya zamani aliing'oa, akaweka kikalio na CR2032 mpya. Kumbukeni hilo, MPYA.

Bodi zilipofika nilizishika mkononi. Kila mguu wa chipu una lehemu iliyotulia, inang'aa, hakuna tone lililogusa jirani. Bodi moja ilikuwa inatoa mkwaruzo kwenye sauti, akaichomoa mwenyewe kabla sijasikia vizuri, akasema hii siwezi kukupa. Zikabaki nne. Akazima, akawasha, akazima, akawasha, mara kumi hivi. Sauti zipo. Nikalipa laki tatu na nusu bila kuomba punguzo, na mnajua sisi wa huku tunavyojua kuomba punguzo.

Ile wiki nilikuwa kama bibi harusi. Kinanda hiki hakina tundu la kurekodia, sauti unaisukuma kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, taratibu kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Kujaza bodi zote inapita dakika 20. Nilikaa nikitazama namba zinapanda na sikuchoka. Sekunde 6 zangu zilikuwa zimekuwa karibu 30. Mazoezi ya katikati ya wiki nikagusa ile noti ya chini ya tarumbeta kubwa, na kwaya nzima ikageuka mlangoni kutafuta nani ameingia. Mzee mmoja wa besi akaniuliza kama yule ni fulani, akataja jina la mpigaji. Alimtambua kwa pumzi! Usiku huo nilimsifia fundi kwa kila mtu.

Jumapili ilikuwa ya mavuno. Ndizi, mahindi, kuku wamefungwa miguu mbele ya madhabahu. Nafunua kitambaa, nawasha, skrini inaniambia betri ya ndani imekwisha. Nabonyeza tarumbeta, kimya. Nabonyeza sauti zangu nyingine, hakuna kitu. Sikilizeni vizuri: hazikupotea tarumbeta tu. Betri ile ndiyo inayolinda kila kitu, na nilikuwa na sauti 64 nilizotengeneza kwa mkono, miaka na miaka, usiku watoto wamelala. Tarumbeta ziko kwenye kompyuta. Zile 64 zilikuwa humo tu, kwa sababu sehemu ya disketi ilishakufa siku nyingi. Ndiyo, ningeweza kuzitoa kwa MIDI pia. Najua. Msinikumbushe.

Tuliimba na kinanda kidogo cha watoto wa Sunday school.

Nikampigia mchana. Akasema, "Mama, hicho kinanda ni cha zamani, betri zake ndivyo zilivyo. Si ununue tu kipya." Nikamwambia betri uliweka wewe, haina hata wiki. Kimya. Halafu akasema neno ambalo nikilikumbuka damu inachemka: "Mpe simu yule kijana nimweleze, utakuwa hunielewi."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu maishani mwangu.

Sasa hapa ndipo naanza kuyumba. Siku mbili baadaye, asubuhi hata chai haijachemka, kuna mtu getini. Ni yeye, amekuja na basi la kwanza, mkoba wa vifaa begani. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha ndani, sikumpa tabasamu.

Alifungua kinanda kwenye meza yangu ya chakula. Akakizima kabisa, akaingiza mita katikati ya betri na saketi. Mita ikasoma miliampea 2 na ushei. Akakaa akiitazama muda mrefu. Kisha akanieleza mimi, polepole, akichora nyuma ya daftari la nyimbo. Chipu ya namna hii ikilala inahitaji mikroampea chache tu (mikro elfu moja ndiyo mili moja), betri inakaa miaka. Lakini ili ilale, kuna mguu mmoja ambao lazima uvutwe juu wakati pawa haipo. Rezista ya kuuvuta alikuwa ameiunga kwenye njia ya volti 5, ambayo inakufa ukizima swichi. Kwa hiyo kinanda kinalala, chipu zote ziko macho usiku kucha zinanyonya betri. CR2032 ina kama miliampea-saa 220. Nikagawanya mwenyewe pale pale: siku nne na nusu. Kuzima na kuwasha mara kumi karakanani kusingeonyesha kitu.

Alikata njia ile kwa wembe, akavuta waya mwembamba kama unywele kutoka kwenye rezista hadi upande wa betri, bodi zote nne. Harufu ya lehemu ikajaa sebule. Akaweka betri nyingine na mita tena: upande wa mili ikasoma sifuri, ikabidi ageuze kwenye mikro ndipo namba ikaonekana. "Hapa nilikosea mimi," akasema. Nauli alikataa. Chai alikunywa.

Kwa hiyo kazi yake ni nzuri? Ni nzuri sana, na sijui mwingine huku kwetu anayeweza kuifanya. Nendeni. Ila msilipe kabla hajapima mbele yenu betri inanyonywa kiasi gani kinanda kikiwa kimezimwa, na toeni nakala ya sauti zenu kabla bisibisi haijagusa kifuniko.

Lakini lile la simu hakuligusa. Alikiri rezista, ya "utakuwa hunielewi" akayapita kama hayakusemwa. Na kati ya zile 64 nimeweza kuzijenga upya 11. Ile ya filimbi niliyokuwa nafungulia ibada ya Ijumaa Kuu, nimejaribu jioni nyingi na haiji, kuna kitu nilikiweka pale na sikumbuki ni kipi. Nikifikiria hiyo narudi pale pale: hapana, msiende.

Jana ameniandikia kwamba bodi ya tano amelipata tatizo lake, imepona, nitume kijana aichukue. Nimemjibu nakuja Jumamosi, mwenyewe.